Sikio la Mpigaji

Mlango wa kibanda ulijifunga kwa mlio mzito kama wa jokofu, na Mama Pacha akabaki ndani ya kimya ambacho hajawahi kukikuta hata msibani. Kuta zote zilikuwa sponji ya kijivu yenye menomeno. Palikuwa na kiti kimoja, meza ndogo, karatasi, penseli, na kidirisha cha vioo viwili. Upande wa pili wa kidirisha alikaa mtaalamu wa masikio, binti wa koti jeupe aliyechomeka kalamu juu ya sikio lake mwenyewe. Mpini wa mlango kwa ndani haukuwepo, yamebaki matundu mawili ya skrubu. Binti alishamwambia asiwe na wasiwasi, mpini uling'oka wiki iliyopita, atamfungulia yeye kwa nje. Haya, mtu ukishaambiwa usiwe na wasiwasi, utaacha kuwa nao vipi?

Akavaa hedifoni, nyekundu kulia, buluu kushoto, akajikaza kisabuni.

Tumjue kwanza aliyefungiwa humo. Mama Pacha alikuwa na miaka kumi na moja katika chumba cha kupokea simu za magari ya wagonjwa. Ukielezwa kazi yenyewe unaweza kuidharau: unakaa, unavaa hedifoni, unasikiliza. Lakini masikio mawili yana kazi mbili. Kushoto inaingia simu ya mpigaji, mtu aliyechanganyikiwa, analia, amesahau hata mtaa wake. Kulia inaingia redio ya upepo, madereva wanauliza njia ipi inapitika na hospitali ipi ina kitanda. Na hawapeani zamu, wanasema wote kwa pamoja, kama wale pacha wake walivyokuwa wadogo, mmoja anadai maji na mwenzake anamshtaki aliyedai. Mama Pacha aliwamudu wote. Madereva walimpa jina la Mara Moja, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu arudie alichosema. Na jina hilo alilipenda, tusidanganyane. Alilivaa kama wengine wanavyovaa cheo.

Wiki tatu nyuma, Jumanne saa nne asubuhi, mvua ilikuwa inapiga mabati ya mji mzima. Akaingia mzee mmoja kwenye simu. Laini ilikuwa mbovu, inakwaruza na kukatika, sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Mkewe hapumui vizuri. Akataja mtaa na namba ya nyumba, Mama Pacha akaandika. Hapohapo dereva wa gari namba tatu akaingia redioni, sauti safi kabisa, amepata pancha na anataka mwenzake wa karibu amchukulie mgonjwa. Mzee naye akaendelea kusema. Mama Pacha alijua kuna kitu kimesemwa. Alihisi pengo, kama mguu unavyohisi ngazi iliyokosekana. Angeweza kumwambia mzee arudie. Hakumwambia. Alimjibu kwamba gari linakuja, akakata.

Alichokisema mzee ni kwamba geti la mbele limefungwa, wao wanaishi jengo la nyuma, gari lipitie karakana. Gari lilifika upesi, likasimama mbele ya geti lenye kufuli, na wahudumu wakagonga dakika kumi na nne. Mzee alikuwa huko nyuma ameshika mkono wa mkewe, anasubiri kwa utulivu, maana ameambiwa gari linakuja. Hakupiga tena. Mtu aliyekwisha kuahidiwa apige tena kwa nini? Walipowapata, bibi alikuwa ameshafariki.

Sasa, mitambo ya chumba kile inarekodi kila upande peke yake. Kamati ya nidhamu ikamsikiliza mzee peke yake, mara tatu, ofisini pametulia, vikombe vya chai mezani, na kila mmoja akaisikia habari ya karakana. Wakabaki na swali moja: huyu mama alikuwa wapi? Mkuu wa chumba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Utaratibu kwa sababu neno hilo halikauki mdomoni mwake, akaagiza apimwe masikio. Sikio likikutwa bovu, anaondolewa kitini kwa ugonjwa. Masikio yakikutwa mazima, anafukuzwa kwa uzembe. Huku ukuta, huku ukuta. Mama Pacha alitaka kujiombea dua akakosa cha kuomba, maana uziwi ungemmaliza na uzima ungemmaliza.

Sauti zikaanza. Kushoto mwanamke anasema "ba", kulia papo hapo mwanamke yuleyule anasema "da", naye aandike vyote viwili. Kisha "ka" na "ta". Kisha "ga" na "pa". Jozi thelathini, jasho linamtiririka mgongoni, hewa ya kibanda inanuka gundi. Zilipokwisha, binti alizungumza naye kwa kipaza sauti, akicheka kidogo.

"Masikio yako mazima, mama. Kulia umepata ishirini na saba, kushoto ishirini na tano. Kuna vijana hawafiki hapo."

Mama Pacha aliitazama ile sponji ya kijivu akaona kama imesogea. Kwa hiyo ni uzembe. Miaka kumi na moja, pacha wako kidato cha tatu, na yeye mzembe. Aliona machozi yanakuja akayameza, akaukumbuka ule mkwaruzo, na hasira ikampanda, hasira kwa ile "ba" na "da" iliyotulia kama inasoma gazeti barazani.

"Binti yangu, hizi sauti ni safi mno," akasema. "Mimi huku kushoto wanakoingia wapigaji hakuna anayenipigia akiwa ametulia namna hii. Ziharibu, kisha nipime tena."

Binti akachomoa kalamu sikioni. Akaanza kuzungusha vitufe vyake. Jozi za pili zilikuja zimekwaruzika, kama bati linakunwa na msumari, na Mama Pacha akaandika alichoweza. Kulia ishirini na moja, kushoto kumi na mbili. Binti hakucheka tena. Bila kuombwa, akapanga mara ya tatu: kulia akaacha sauti safi kama ya redio, kushoto tu ndiko akaharibu, kama simu ya siku ya mvua. Mama Pacha akakaza macho, akakunja ngumi, akasukuma akili yake yote upande wa kushoto. Upande wa kushoto ulikuwepo, alikuwa anausikia ukisema. Alichokuwa hapati ni kile unachosema.

Alipata nne kati ya thelathini.

Binti akaja kumfungulia, akakaa palepale kizingitini kama mtu aliyechoka kusimama, akamweleza taratibu. Sauti ikiwa safi, masikio hugawana mzigo wa maneno karibu sawa. Ikichafuka, watu wengi aliowapima sikio la kushoto ndilo linaloshindwa kwanza, na likiwekewa sauti safi upande wa pili, ndiyo basi tena. Si wote, wako walio kinyume, naye hawezi kuapa kwa ajili ya kila mtu. Alishajipima mwenyewe akapata sita. Si ugonjwa, na wala si uvivu. Mama Pacha alitaka kumkumbatia mtoto wa watu. Ndipo binti akauliza, kwa nia njema kabisa:

"Lakini nani aliyewapangia wapigaji wakae kushoto?"



Ni Mama Pacha mwenyewe. Miaka tisa nyuma chumba kilipoletewa hedifoni mpya, Bwana Utaratibu aliuliza nani ana mawazo, wakubwa wote wakajitia hamnazo, na yeye, mgeni mgeni, akanyoosha mkono. Mawazo yake yalikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kukaa ofisini. Simu unaishika kwa mkono wa kushoto, unaiweka sikio la kushoto, kwa sababu wa kulia unaandika. Mpigaji amezoeleka kushoto, basi abaki kushoto. Akaandika mwongozo kwa mwandiko wake mzuri, mistari sita. Mstari wa kwanza, mpigaji kushoto, dereva kulia. Mstari wa tatu, mpigaji asirudishwe nyuma kurudia alichosema, tunapoteza muda. Bwana Utaratibu akaupiga plastiki akaubandika ukutani, juu ya kila kiti. Hakuna aliyeuliza tena. Walifundishwa watu kumi na wawili kwa karatasi ile.

Mmoja wao alikuwa wifi yake.

Hapo ndipo alipokaa tena kwenye kile kiti cha kibandani, mlango ukiwa wazi. Wifi, dada wa mumewe, aliingia kazini kwa kushikwa mkono na yeye mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kufumba macho anaposikiliza. Miaka miwili nyuma mama mmoja alipiga simu katikati ya kelele za stendi, dereva akawa anaongea redioni, na wifi akakosa kusikia kwamba mgonjwa amehamishwa upande wa pili wa barabara. Kamati ikasikiliza rekodi, upande mmoja peke yake, chai mezani. Wakamwita Mama Pacha, mkaaji wa kiti cha kwanza, fundi wa mafundi, aseme kama sauti ile inasikika. Naye akasema, na maneno yake yakaandikwa, kwamba kwa sauti hii mtu aliye macho lazima angesikia. Siku ya kwanza wifi alibisha kwamba hakulala. Siku ya pili akabisha. Siku ya tatu hakubisha tena, akasaini, akaondoka. Tangu hapo anashona sare za shule nyumbani kwake, na hajakanyaga kwa kaka yake. Baba Pacha, maskini, amebaki katikati, mke sikio hili na dada sikio lile, akijifanya hasikii popote.

Bwana Utaratibu alimkuta kwenye ujia wa hospitali, kabla hajafika hata getini. Alikuwa ameshampigia binti simu, na alichoambiwa kilimtosha. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Mama Pacha. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwanza, chumba bila yeye si chumba, madereva wanamuulizia. Kisha akampa njia. Kesho mbele ya kamati aseme alikuwa amechoka siku ile, wampe onyo moja la maandishi, Jumatatu arudi kitini. Ile karatasi ya vipimo ibaki mkobani. Kwa sababu karatasi ile ikifunguliwa, zitafunguliwa rekodi za miaka tisa, na kila familia itataka kujua sikio gani lilimsikiliza mtu wao.

"Na ule mwongozo una mwandiko wako, Mama Pacha," akamalizia. "Mimi niliupiga plastiki tu."

Jioni hiyo nyumbani hakula. Pacha walimsemesha, mmoja huku, mwingine kule, akaitikia wote "ndiyo" hata walipouliza anataka nini. Alipiga hesabu zake akazirudia. Akinyamaza, kiti anacho, na Jumatatu atavaa hedifoni ileile, mpigaji kushoto, akijua. Kila mvua itakaponyesha atakuwa anajua. Akisema, anajiokoa kwenye uzembe wa Jumanne moja na kujitwisha miaka tisa. Popote alipogeuka alijikuta amekaa juu ya kile kiti, na mlango hauna mpini kwa ndani. Mumewe alimuuliza kulikoni, akamjibu kichwa tu kinauma.

Kamati ilikaa saa tatu asubuhi. Walikuwa wanne, na mwenyekiti wao alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye miwani minene asiyependa porojo. Bwana Utaratibu alikaa pembeni na faili lake, akimtupia Mama Pacha jicho la "tulishaelewana". Mwenyekiti akamwambia ajieleze. Mama Pacha akasimama, akasema kwanza anaomba hedifoni ya kitini kwake iletwe, na fundi wa mitambo acheze ile rekodi kama ilivyoingia siku ile, pande zote mbili kwa pamoja. Bwana Utaratibu akaanza kusema kwamba utaratibu hauko hivyo. Mwenyekiti akamzuia kwa kiganja.

Hedifoni ikazunguka meza. Mmoja mmoja akaivaa, akasikiliza, akaivua, na Mama Pacha akamuuliza amemsikia mpigaji akitaka gari lipite wapi. Wa kwanza, bwana wa utumishi, alisema alisikia pancha. Akaambiwa hilo ni la dereva, akasema basi arudiwe, akarudiwa, akasema pancha. Wa pili alisikia mvua. Wa tatu, kwa kuwa wote walishaisikia habari ya karakana mara tatu, akataka kuisema, kisha akakiri kwamba aliikumbuka tu, hakuisikia. Mwenyekiti aliivaa akakaa nayo muda mrefu, amekunja uso, na mwisho akatikisa kichwa.

Mama Pacha akaichukua hedifoni, akaigeuza, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akamvisha tena yule mama mwenyewe kwa mkono wake, kama anamvisha mtoto. Fundi akabonyeza. Mvua ikapiga, dereva akasema yake, na uso wa mwenyekiti ukabadilika. Midomo yake ikatamka bila sauti: karakana. Aliivua hedifoni, akaiweka mezani polepole, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mwongozo huu niliuandika mimi," Mama Pacha akasema, na karatasi ya plastiki aliyoibandua ukutani asubuhi ile ilikuwa mkononi mwake. "Na wifi yangu alifukuzwa kwa maneno yangu, kwenye chumba hiki, kwa kosa hilihili. Siku ile nilihisi mzee kasema kitu, sikumuuliza. Niandikeni mnavyotaka, lakini kesho mpigaji asikae kushoto."

Walimtoa nje nusu saa. Bwana Utaratibu alipita mbele yake kwenda chooni na kurudi, mara mbili, bila kumtazama. Walipomwita, mwenyekiti alisema kwa ufupi. Hedifoni za viti vyote zitageuzwa leo, na kila mtu atapimwa apangiwe upande wake. Faili la wifi litafunguliwa upya. Kuhusu rekodi za miaka tisa, zitasikilizwa, na Mama Pacha ndiye atakayekaa na fundi kuzisikiliza, moja baada ya moja, hata zikichukua mwaka. Uzembe wa Jumanne ile umefutwa.

"Lakini ulihisi amesema kitu, na hukumwambia arudie," mwenyekiti akaongeza. "Hilo siwezi kukufutia."

Mama Pacha akasema anajua.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, akasimama mlangoni, akabisha hodi mara tatu ndipo akaitikiwa. Wifi alikuwa kwenye cherehani ya umeme, rundo la mashati meupe limemzunguka, pini zimejaa ukingoni mwa blauzi. Alimwona, akamwonyesha stuli kwa kidevu, akaendelea kushona. Stuli yenyewe ilikuwa upande wa kulia wa wifi, kwa hiyo Mama Pacha alipokaa, wifi pamoja na cherehani yake akawa kushoto kwake.

Akasema yote. Alisema juu ya kibanda, juu ya nne kati ya thelathini, juu ya simu na mkono wa kushoto, juu ya ile sentensi aliyoitoa mbele ya kamati. Hakuisitiri wala kuipunguza. Alisema hakuja kuomba kurudishiwa undugu, amekuja kusema kabla barua haijamfikia, asije akayasikia kwa watu. Muda wote ule mguu wa wifi haukutoka kwenye pedali. Mshono ulikwenda kwapani hadi kiunoni, ukakata, ukaanza mwingine, na mlio wa mota ukajaza chumba.

Katikati ya mlio huo, bila kuinua kichwa, wifi akasema kitu.

Mama Pacha alilihisi pengo. Lilikuwa lilelile la Jumanne. Kitu kimesemwa upande wa kushoto, chini ya kelele, na kimepita. Aliogopa kuuliza, maana huenda ni tusi, huenda ni msamaha, na kuuliza ni kumlazimisha mtu alitamke mara mbili neno ambalo pengine alilitoa kwa shida. Miaka tisa alifundisha watu wasiulize. Akainuka, akahamisha stuli, akaizungusha hadi wifi akawa kulia kwake.

"Sikukusikia, wifi. Nirudie."

Wifi akatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza, na nje ikasikika redio ya jirani, na mtoto anaitwa aingie ndani. Alichomoa pini moja kwenye blauzi, akaichomeka mahali palepale, kisha akamgeukia, na Mama Pacha akaona kwamba macho yake yamejaa machozi.

"Nimesema," akasema wifi, "mimi mwenyewe niliamini kwamba nililala."